Mngurumo wa Ile Mashine Yako

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 10 Agosti.

Mpendwa mwanangu, kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, uwe umekaa, umesimama au uko kazini kwenye hilo ghala lenu. Mimi mama yako sijambo, isipokuwa magoti, na magoti unayajua. Baba yako hajambo kwa kumtazama. Habari zake zaidi nitakuja nazo, usiruke mistari kuzitafuta. Bibi yako hajambo, anakula vizuri, anagombana vizuri, na bado analalamika kwamba uliondoka bila kumrudishia mto wake wa kuegemea. Dada yako hajambo. Mumewe, dereva wetu wa gari la wagonjwa, hajambo. Mtoto wao ameota meno mawili ya chini na anauma kila kitu, hata kidevu cha babu yake. Jirani yetu fundi cherehani hajambo, anakusalimu, anasema ukirudi usije na zile suruali za kubana kwa sababu hatazipanua tena. Paka ndiye anayeumwa, lakini huyo anaumwa tangu ulipoondoka. Wengine wote tuko salama.

Na wewe je? Unakula? Kile kikohozi kimekwisha au kimejificha tu? Umepata soksi nzito? Usinijibu "niko poa", mwanangu. Hilo si jibu, hiyo ni namna ya kumfungia mtu mlango kwa adabu. Niambie ulikula nini Jumatatu, mengine nitajua mwenyewe.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hatuongei. Wewe una haraka, mimi nikisikia sauti yako nasahau yote niliyoyapanga, na baba yako huwa yuko hapo mlangoni anajifanya anatafuta koleo. Darasa langu la nne unalijua, nyoosha macho usome hivyo hivyo. Dada yako ataipeleka posta kesho asubuhi.

Mwanangu, roho yangu haijatulia tangu mwezi wa tatu. Nafagia mahali nilipokwisha kufagia. Nainuka kwenda dukani, nikifika nimesahau nilichofuata, naona aibu kurudi mikono mitupu, basi nanunua kiberiti. Tuna viberiti kumi na moja ndani ya nyumba hii, na jiko letu linajiwasha lenyewe. Bibi yako ameanza kuvihesabu kwa sauti nikipita.

Sasa nisikilize. Masikio ya baba yako yanakwisha.

Amenikataza nisikuambie. Nimemkubalia kwa mdomo, mkono sikumwahidi kitu.

Ilianza kidogo kidogo. Birika lilikuwa linapiga filimbi mpaka linakauka naye amekaa hatua mbili kutoka jikoni. Simu ikiita mpaka aione ikitingishika juu ya meza. Bibi yako akasema mwanawe ameota kiburi uzeeni, anaitwa haitiki. Mimi nilidhani ananipuuza, nikanuna siku nne nzima. Siku ya tano ndipo nilipogundua kwamba hata hakujua nimenuna, alidhani nyumba imetulia tu.

Halafu yakafika karakana. Unajua kazi ya baba yako ilivyo. Mafundi wengine wa mafriji wana vipimo vya sindano, yeye ana bisibisi. Anaweka ncha kwenye mota, anaweka mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, anafumba macho, anakuambia, "Beringi ya nyuma. Imebakiza miezi miwili." Na miezi miwili ikifika inakufa. Basi mwezi wa nne alirudisha friji ya duka la dawa akasema imepona. Wiki haikuisha, ikafa na dawa za watu ndani. Mwenye duka hata hakugomba. Alisema tu, "Fundi, ilikuwa inalia tangu siku uliyoirudisha. Hata anayetufagilia aliisikia." Baba yako alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti na viatu vyake miguuni mpaka giza likaingia. Miaka thelathini na moja ya kazi ile.

Dada yako akamkokota mpaka kwa daktari wa masikio. Wakamvisha hedifoni, wakamwambia anyooshe mkono kila anaposikia mlio. Mimi nilikaa nyuma yake. Mwanangu, ile milio nilikuwa naisikia mimi, ikitoroka pembeni ya zile hedifoni, tii, tii, myembamba kama sindano, na mkono wa baba yako umetulia juu ya goti. Nilitaka nimfinye. Ilipokuja milio minene ndipo mkono ukapanda, haraka, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua.

Daktari akasema sauti nyembamba zimekwisha kwenda, za katikati zinaondoka, nene bado zipo ila nazo zitafuata. Labda miaka, labda miezi, lakini kwake yeye zinakwenda mbio. Ni zile mota na majenereta ya maisha yote. Atapewa kifaa cha kuvaa sikioni, kitamsaidia kushika maneno ya watu kwa kiasi chake. Kazi ya bisibisi hakitamrudishia.

Tulipotoka nje neno lake la kwanza lilikuwa, "Kitinda mimba asijue."

Nimeinuka kidogo kutazama kama nimezima jiko. Nilikuwa nimezima.

Nije sasa kwenye muziki, maana barua hii hasa ni ya muziki, usishangae.

Ile simu yako ya zamani yenye kioo kilichopasuka uliiacha kwenye droo. Niliitoa nikitafuta sauti yako, nikidhani labda kuna mahali umeongea. Hukuongea popote. Nilikuta nyimbo mia mbili na kumi na mbili, hazina majina, zina namba tu. Nikasema basi, huyu mtoto alikuwa anakaa na vitu hivi saa zote na mimi namwita aje kula. Acha nijue alikuwa anakaa na nani.

Ulipokuwa hapa nilikuwa nasema nini? "Punguza hilo jenereta." Sasa nimezisikiliza zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, nikipiga pasi mashuka ya hospitali kule kazini, sikio moja nimeziba kwa kispika, jingine nimemwachia msimamizi. Nina mengi ya kukuambia na sijui nianzie wapi, kwa hiyo yatakuja yamechanganyika.

Namba saba haina ngoma, haina mwimbaji, haina hata mwanzo. Nilidhani simu imeharibika, nikaitingisha. Ni sauti moja ndefu inayojaa polepole kama maji kwenye pipa, na ukishaizoea unakuta imekwisha kubadilika bila kukuaga. Nilipiga pasi mashuka kumi na manne sikujua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu miguu yangu kusimama mahali pamoja. Ilipoisha, mahangaiko yangu yote yakarudi kwa foleni, kama watu waliokuwa wanasubiri nje mlango ufunguliwe.

Namba ishirini na tatu ni wanawake wanaimba kwa lugha nisiyoijua. Hawaimbi kwa kupatana. Mmoja anapanda anamkaribia mwenzake mpaka sauti zinasuguana, na pale zinaposuguana nywele za mkono wangu zinasimama. Nilimsikilizisha Foronya, mwenzangu tuliyembatiza hivyo kwa sababu kazi yake ni kukunja foronya tangu tumfahamu. Akasema, "Hawa wanagombania mume." Nikamwambia hapana, hawa wanavuta kitu kizito kwa kamba. Tulibishana mpaka saa ya chai. Nani kapatia? Niandikie ukijua.

Namba arobaini na moja ni vyuma, kama masufuria makubwa ya shaba yanagongwa na watu wenye subira, kila mmoja na zamu yake, hakuna anayemkata mwenzake. Nilifikiri, laiti nyumba yetu ingekuwa hivyo wakati wa kula. Namba sitini inadunda kama cherehani ya jirani akiwa na kazi ya watu wenye haraka. Nikiiweka hiyo pasi inakimbia yenyewe, mpaka msimamizi alinisifu mbele ya watu. Kesho yake nikaweka namba saba, akaja kuniuliza kama naumwa.

Na ile namba tisini, ya mtu anayepiga uzi mmoja, na nyuma yake kitu kama upepo uliofungiwa ndani ya chupa. Hiyo siipendi. Inanifanya nitazame mlango. Ndiyo niliyoirudia kuliko zote, sijui kwa nini, nikimaliza nasema basi leo mwisho, na mkono umekwisha kubonyeza tena.

Foronya alikuwa ananicheka. "Mama mzima unasikiliza friji." Kila asubuhi ananiuliza, "Leo tunasikiliza friji gani?" Juzi nimeingia nimemkuta yeye ndiye amevaa kispika changu, amefumba macho, shuka linaungua chini ya pasi. Tulilikata tukalishona foronya mbili. Usimwambie mtu.

Kitu kilichokuwa kinanisumbua ni kwamba sikujua zipi umezitengeneza wewe na zipi za watu. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayetafuta mwanawe kwenye umati, anashika bega la huyu, anageuka ni mwingine.

Sasa, jioni moja niliunganisha simu na ile spika yako kubwa, ambayo, nisamehe, nilikuwa nimeifanya kigoda cha chungu cha maua. Nikaweka namba saba. Baba yako anakula. Mara akaweka kijiko chini.

"Zima hiyo friji. Kompresa yake inatetemeka."

Nikamwambia kwa sauti kubwa, "Friji imezimwa tangu asubuhi, naiyeyusha barafu."

Akageuka. Friji iko wazi, matambara chini, taa haiwaki. Akatazama spika. "Basi huyo ni nani?"

"Ni muziki wa mwanao."

Akainuka akaenda karakana. Nikasema nimeharibu. Kumbe amefuata bisibisi. Akaweka ncha kwenye ubao wa spika, mpini nyuma ya sikio, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka chakula chake kikapoa. Mwishowe akatoa hukumu yake kama anavyomwambia mteja. "Humu mna mota mbili. Moja inachelewa mwenzake kidogo. Huu si ubovu, amefanya makusudi."

Mwanangu, nilikwenda chumbani nikakaa kitandani kwanza.

Tangu siku hiyo, kila jioni tunakaa mbele ya spika yako kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Sauti za chini anazisikia yeye, tena anasikia vitu ambavyo mimi sivipati. Za juu nazisikia mimi. Basi tunagawana. Ananiambia, "Chini kuna kitu kinaburutwa." Namwambia, juu kuna vikengele vinashuka. "Vingapi?" Vitano. Anasikiliza, anasema, "Kikilia cha tano, huku chini panafunguka." Naanza upya, nategea, na kweli panafunguka. Wimbo ule nilikuwa nimeusikiliza wiki nzima na sikuwahi kujua kwamba unafunguka.

Maneno mengine siku hizi ni taabu. Namwambia kitu mara tatu, na mara ya tatu ni kelele, na jirani anasimamisha cherehani kusikiliza tunagombania nini. Lakini kwenye nyimbo zako tunaongea. Nimeolewa naye miaka thelathini na sita na sikumbuki kama tuliwahi kukaa tukaulizana, wewe unasikia nini?

Ila jioni moja nilimwekea wale wanawake wa namba ishirini na tatu. Alikaa na bisibisi yake muda mrefu. Kisha akasema, "Umewasha?"

Nilikuwa nimewasha.

"Basi nieleze," akasema. Nikamweleza. Sijui kueleza, nilitumia mikono.

Nimetoka nje nimerudi. Nilidhani nimesikia geti.

Sasa namba mia na hamsini na sita. Tuliifikia Alhamisi. Dakika haikuisha baba yako akakaa wima. Akatupa bisibisi pembeni, akaishika spika kwa mikono miwili, kama unavyoshika kichwa cha mtoto mwenye homa. Hata mimi, ambaye kazini kwenye kispika nilikuwa nimeupita bila kuutambua, niliujua pale pale. Ulikuwa mngurumo wa ile mashine yako.

Acha niyaseme yote kwa mpangilio, maana ndani ya nyumba hii hatujawahi kuyasema hivyo.

Mashine yako ya muziki, ile ya vitufe vya kuzungusha uliyoipata imechakaa kwa fundi redio, ilikuwa inanguruma. Mwaka mzima ulikaa nayo ukiupandisha na kuushusha mngurumo ule, ukasema ndio huo uliokuwa unautafuta. Mimi sikuelewa. Baba yako alielewa kitu kimoja tu, kwamba mashine ya mwanawe ni mbovu na mwanawe anaona haya kuomba. Ulipokwenda mafunzo wiki ile, akaifungua. Siku tatu hakupokea kazi ya mtu. Akabadilisha kapasita, kile kidude kidogo cha kutunza umeme ndani, akakaza skrubu zote, akatoa vumbi kwa brashi ndogo ya rangi. Kila aliyepita karakana aliambiwa, "Hii ya mwanangu. Naitengeneza nimshtue."

Uliporudi alikuwa amesimama mlangoni amevaa shati safi. Ukaiwasha. Kimya. Ukazungusha kitufe, ukazungusha, ukazungusha. Ungepiga kelele ingekuwa nafuu. Uliuliza tu, "Ulivyotoa viko wapi?" Akasema ametupa, vilikuwa vibovu. Ukafunga mlango wa chumba chako. Wiki tatu baadaye ukaondoka, mashine ukaiacha. Huu ni mwaka wa pili, ukipiga simu unaniambia, "Msalimie baba."

Namsalimia. Ananiuliza, "Amesemaje?" Namwambia, anakusalimu. Anasema, "Mm."

Basi Alhamisi wimbo ule uliisha. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha mara nne. Mara ya nne akaongea, sidhani kama alikuwa anaongea na mimi. "Haikuwa mbovu hii. Nimeiua, na wakati ule nilikuwa nasikia vizuri."

Kwa hiyo sasa mashine yako iko juu ya meza ya chakula, imefunguliwa, na sisi tunakula tumepakata sahani. Anataka kuurudisha ubovu wako. Ile kapasita hakuitupa kweli. Unamjua, mtu ambaye hatupi hata msumari uliopinda. Siku ile alisema vile kwa sababu alishaona uso wako na hakujua aseme nini. Lakini aliitia kwenye makopo yake, na makopo yanapita arobaini, na humo mmechanganyika vyuma vya miaka yote. Amepata tisa zinazofanana. Anaunga moja, anawasha, anaweka bisibisi, anasikiliza, anaing'oa. Anaunga nyingine. Skrubu nazo, haijulikani ipi ilikuwa imelegea na kwa kiasi gani. Bibi yako anasema sasa nyumba ina watu wawili wasiotulia na yeye atahamia kwa dada yako.

Juzi, kwenye ile ya sita, akaniuliza, "Ndiyo?" Niliutazama uso wake, nikasema ndiyo. Akasikiliza tena. Akanigeukia.

"Unanidanganya."

Nikaanza kupanga makopo.

"Mke wangu, nidanganye kwenye mengine, kwenye sauti usinidanganye. Nitamwamini nani?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Taabu yake ni hii. Kwenye hiyo namba mia na hamsini na sita, mngurumo umefunikwa. Kuna kitu kama maji juu yake, kuna vikengele, kuna sauti ya mtu inavutwa nyuma. Anausikia kama unavyomsikia jirani kupitia ukuta, unajua anaongea, hujui anasema nini. Anahitaji kuusikia peke yake, mtupu, ajue unapanda mpaka wapi na unashuka vipi, ndipo aweze kuufuata. Na hapo ndipo ninapokuja kwako. Mtu aliyekaa na kitu mwaka mzima hawezi kuwa hakukirekodi peke yake hata mara moja. Labda kiko kwenye hiyo kompyuta uliyoondoka nayo. Kitafute, baba.

Sikuombi umsamehe. Hilo ni lenu wawili na mimi nimechoka kuwa daraja, kila anayepita ananikanyaga. Kama hutaki mashine ifufuliwe, sema, nitafunika makopo nimwambie apumzike. Kama hasira bado ipo, nayo ilete, iandike yote, nitaisoma mimi kwanza. Ila usikae kimya. Kimya baba yako anacho cha kutosha sasa.

Na leo asubuhi nimefanya kitu, nimejilaumu. Niliweka namba saba, kiasi kile kile cha sauti tulichozoea, nikamtazama kwa pembeni. Wiki iliyopita alikuwa anaisikia akiwa mlangoni. Leo ameingia, amepita, amekaa, amevuta kiti mpaka magoti yanagusa spika, ndipo akaanza kutikisa kichwa. Sikumwambia kwamba nimeona. Sijui kama yeye ameona. Nadhani ameona.

Nilikuwa nimefika hapa, kalamu iko juu, akaingia kutafuta miwani. Sikuificha karatasi. Alinyoosha mkono, nikampa. Unajua anavyosoma, kidole kinatangulia na macho yanafuata. Alipofika kwenye masikio kidole kikasimama. Nikajiandaa kugombezwa. Kidole kikaendelea. Akasoma mpaka hapa nilipoishia, kisha akarudi nyuma ukurasa mmoja.

"Umeandika wiki haikuisha. Ile friji ilikaa siku tisa."

Nikamwambia nitarekebisha. Sijarekebisha, nimekuandikia hapa ujue.

Akakaa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nikamuuliza kama kuna neno anataka niliandike. Akafikiri sana. Nilidhani litakuja lile tunalolingoja mwaka wa pili.

"Muulize," akasema, "mngurumo ukipanda mpaka juu, ulikuwa unakaa sekunde ngapi kabla ya kushuka?"

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Akinipa hilo, mengine nitayapata kwa mkono." Kisha akasema niandike kwamba hata akikadiria si vibaya, yeye atajaribu zote.

Basi nimeandika, kama alivyosema, neno kwa neno.

Dada yako anakusalimu na shemeji yako anakusalimu. Mtoto angekusalimu ila amelala na kidole changu mdomoni, naandika kwa mkono mmoja. Bibi yako anasema mto amekusamehe lakini hajausahau. Fundi cherehani amekwisha kukusalimu huko juu. Nawe nisalimie yule mpishi unayekaa naye chumba kimoja, mwambie mama anashukuru kwa ile dawa ya kikohozi aliyokuchemshia. Mungu akutangulie unapotoka na akukute mzima unaporudi, akuepushe na mashine za hilo ghala, na akupe mtu wa kula naye.

Ni mimi nikupendaye, umenuna au hujanuna,

Mama yako.

Jibu ukimaliza tu kusoma. Usisubiri uandike vizuri, wala usiisafishe sauti ya mngurumo kwanza, itume kama ilivyo kwenye simu ya dada yako, ataileta mbio. Baba yako yuko mezani sasa hivi, ameshika ile kapasita ya saba.